Bogenvilia imekushinda: kupunguza, kukata kwa awamu au kushusha hadi kisiki?

Katika nyumba za zamani za Raskazone na Chumbageni, hapa Tanga, bogenvilia ziko za namna mbili. Zipo zilizotulia juu ya ukuta, maua mbele na majani yanayohesabika. Nyingine zimepanda mpaka kwenye mwembe, zimevuka paa la bati na kushuka upande wa pili juu ya njia ya watu, miiba ikimsubiri mpita njia usawa wa uso. Hizi za pili nazo zilipandwa na mtu aliyezipenda. Zikaachwa masika mawili matatu bila kuguswa, na sasa mwenye nyumba anazitazama asijue aanzie wapi.

Fundi wa bustani akija na panga lake, swali la kwanza huwa hilohilo: "Bosi, tunapunguza au tunakata?" Ni swali la maana kuliko linavyosikika, kwa sababu ukishajibu huna namna ya kulirudisha tawi. Hapa nalinganisha njia tatu za kushughulika na bogenvilia iliyozidi, na ya nne, kung'oa, nitaigusa kwa kifupi. Nazungumzia Tanga mjini na ukanda wake wa pwani, ambako masika hunyesha Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Aliyeko Lushoto, kwenye baridi, aitumie kalenda hii kwa tahadhari.

Mmea wenyewe

Bogenvilia ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa katika safari ya kuzunguka dunia chini ya Louis Antoine de Bougainville, na jina la nahodha huyo ndilo mmea unalobeba hadi leo. Kwao hukwea juu ya miti mingine kutafuta jua. Haina vikono vya kujishikia kama mpesheni. Hurusha tawi refu, tawi linaegemea chochote kilicho karibu, na miiba inalizuia lisiteleze. Kwa hiyo usitegemee kwamba itafika kimo fulani isimame. Ikipata mwembe itapanda mwembe, na ikipata waya wa umeme itapanda waya.

Mambo matatu ya maumbile yake ndiyo yanayoamua ukataji wote.

Kwanza, hutoa maua kwenye matawi machanga. Ile zambarau, nyekundu au rangi ya chungwa tunayoipenda ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kilicho katikati. Tawi la zamani lililokakamaa kazi yake ni kubeba tu. Mmea usiokatwa kabisa unasogeza maua yake juu zaidi kila mwaka, mpaka jirani wa ghorofani ndiye anayeyafaidi.

Pili, ncha ya tawi huyazuia macho yaliyo chini yake yasiamke. Ukiikata ncha, macho mawili matatu ya karibu nayo huchipua kwa pamoja. Pale ulipokata mara moja yanatoka matawi kadhaa.

Tatu, na hili ndilo tumaini la mwenye bogenvilia iliyomshinda, shina lake zee bado lina macho yaliyolala chini ya gamba. Likikatwa chini kabisa, mara nyingi huamka. Si kila mti una neema hiyo. Mnazi una kilele kimoja tu; ukikikata umeua mti, na kila mtoto wa pwani analijua hilo. Mvinje uliokomaa nao ukikatwa kisiki huchipua kwa shida au usichipue kabisa. Basi usichukue ninayoyasema hapa ukayafanyia mvinje wa baba yako.

Vigezo vya kupimia

Jambo la kwanza kujiuliza ni sitara. Je, bogenvilia hii ndiyo inayowaficha watu wa nyumbani? Nyumba nyingi hapa kupika, kufua na kukoga kunafanyika uani, na uzio wa mimea ndio ukuta. Kuupoteza kwa miezi kadhaa si jambo dogo kwa akina mama wa nyumba hiyo, na wao ndio wa kuulizwa kabla ya fundi kuitwa.

Kisha pima uzima wa shina. Kwaruza gamba kwa ukucha au ncha ya kisu karibu na ardhi. Ukikuta kijani chenye unyevu, lipo hai. Ukikuta kahawia kavu, panda juu kidogo ujaribu tena. Fanya hivyo kwa kila shina kubwa, usiridhike na moja.

Yanafuata maua na muda ambao uko tayari kukaa bila maua hayo. Kazi na fedha, pamoja na gari la kubebea taka. Halafu mahali ulipo mmea, maana waya, ukuta, njia na kivuli kila kimoja kina sauti yake. Njia zote tatu nitazipima kwa hayo.

Njia ya kwanza: kupunguza kwa nje

Hii ndiyo wengi wanayoifahamu. Unachukua mkasi mrefu wa kukatia uzio na kuondoa urefu wa shubiri moja au mbili pande zote, mpaka mmea upate umbo. Kijana mmoja anamaliza uzio wa kawaida kwa nusu siku, na taka zake zinaingia kwenye guta moja.

Sitara hupotezi hata kidogo. Jioni ileile uzio upo, tena umenyooka. Maua nayo yanakuja vizuri endapo utakata mara tu baada ya msimu wa maua kupukutika, kwa sababu kila ncha uliyoikata inazaa ncha kadhaa, na kila moja inaweza kuchanua. Shida iko kwa wanaokata kila baada ya wiki mbili ili uzio uonekane nadhifu. Wanaondoa ncha changa kabla hazijachanua, halafu wanashangaa kwa nini yao ni ya kijani mwaka mzima wakati ya jirani imewaka.

Lakini njia hii haipunguzi ukubwa wa kweli. Kila ukikata unakata mbele kidogo ya ulipokata mwanzo, kwani ukirudi nyuma zaidi unafika kwenye miti mitupu isiyo na jani. Ganda la nje linazidi kuwa zito, mwanga hauingii ndani, majani ya ndani yanakufa na matawi makavu yanalundikana. Uzito wote unaegemea ukuta, na kusi ya Juni na Julai inausukuma. Ukiona mmea mnene kwa nje lakini ukitenganisha matawi kwa fimbo unakuta giza na vijiti vikavu, umeshafika mwisho wa njia hii.

Inamfaa mwenye bogenvilia iliyoruka mwaka mmoja tu. Inamfaa pia mpangaji, ambaye mmea si wake na hana ruhusa ya kuugeuza. Na mwenye harusi nyumbani mwezi ujao asithubutu njia nyingine yoyote kati ya hizi. Apunguze kwa nje, aolewe mtoto, mengine baadaye.

Njia ya pili: kukata kwa awamu

Hapa unaufanya mmea upya bila kuuvua nguo. Unaondoa mashina makubwa theluthi moja kwa wakati, kutoka chini, na kuyaacha mengine yaendelee kusitiri. Nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayofanywa vibaya zaidi, na kwa sababu wengi hawajui kama ipo.

Anza chini, si juu. Piga magoti, sogeza majani makavu kwa fimbo, na uyahesabu mashina yanayotoka ardhini au karibu nayo. Chagua yale mazee kuliko yote, yanayopishana na kusuguana, na yanayoulalia ukuta. Theluthi tu. Yafunge kitambaa ili fundi asikose, maana juu yote yamesukana na hakuna anayeweza kujua tawi lipi ni la shina lipi. Kisha kata kila shina lililofungwa, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, au juu kidogo ya chipukizi zuri la pembeni ikiwa lipo.

Sasa inakuja sehemu ya uvumilivu. Usilivute tawi zima kwa nguvu. Miiba imeshikana na matawi unayotaka kuyaacha, na ukivuta utayachuna yote. Likate vipande vya urefu wa mkono, toa kimoja kimoja. Wapo mafundi wanaoliacha shina lililokatwa likae siku kadhaa mpaka majani yake yanyauke, ndipo wanapanda kutoa. Kwa kunyauka huko wanaliona vizuri ni lipi, na hawakati lililo hai kwa bahati mbaya. Ni ujanja mzuri.

Kwa hali ya hewa ya Tanga mpangilio unajipanga wenyewe. Theluthi ya kwanza mwishoni mwa Februari, masika yakikaribia. Ya pili mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli. Ya tatu Februari inayofuata. Kila mkato unafuatiwa na mvua, na machipukizi yanapanda kutoka chini kuelekea mwanga uliofunguliwa. Kwa mwaka mmoja mashina yote mazee yameondoka.

Machipukizi hayo yanahitaji mkono wako. Yakifika kama mita moja, kata ncha ili yatoe matawi. Halafu yalaze na kuyafunga kando kando ya uzio badala ya kuyaacha yapande wima. Tawi lililolazwa huamsha macho mengi kwa urefu wake wote, na hapo ndipo maua yanapojaa. Tumia kamba ya katani kufungia. Huu ni mkoa wa katani tangu Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipoleta miche yake mwaka 1893, na kwa kazi hii hakuna kilicho bora zaidi: inashika msimu mzima, kisha inaoza yenyewe. Waya na kamba ya nailoni hubaki, shina linanenepa na kujinyonga.

Sitara inapungua lakini haiishi. Maua hayakatiki kabisa, kwa sababu daima kuna sehemu inayochanua. Upande wa kazi ndio mgumu: ni ziara tatu za fundi badala ya moja, na kila saa ya kazi ni ya taratibu na ya kuchomwa. Fundi anayelipwa kwa kazi nzima hataipenda. Elewaneni kwa siku. Kwa mwaka mzima mmea utaonekana hauna mpango, upande huu mnene, upande ule mwembamba. Tena njia hii inashindwa kabisa mahali ambapo mwanga haufiki chini. Bogenvilia iliyo chini ya mwembe mkubwa haitachipua kutoka kitakoni wakati juu yake bado kuna kivuli, na utakuwa umepoteza theluthi ya mmea bila kupata kitu.

Inamfaa mwenye nyumba anayeishi hapo na atakayekuwepo mwaka ujao, ambaye uzio huo ndio sitara yake, na ambaye ama ana fundi msikivu ama anapenda kuifanya kazi mwenyewe.

Njia ya tatu: kushusha hadi kisiki

Unakata kila kitu. Unaanza juu, ukipunguza matawi mepesi kwanza ili usiangushiwe, kisha unashuka mpaka mashina yabaki na urefu wa sentimita 30 hadi 60. Siku ya kwanza utasikitika. Kinachobaki ni vijiti vinene vya kijivu ardhini na ukuta ambao hukuuona kwa miaka.

Wakati wake ni mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi, mvua zikiwa mlangoni. Ukifanya Januari, jua la kaskazi linaunguza gamba ambalo halijawahi kuliona. Ukifanya Juni, mmea unaingia miezi ya baridi na ukavu ukiwa hauna jani hata moja, na utachelewa sana kuamka.

Sitara inaondoka yote, kwa miezi. Vumbi la barabarani na macho ya wapita njia vinaingia mpaka jikoni. Anayechagua njia hii apange mapema makuti au turubai la kuziba kwa muda. Maua nayo usiyatarajie msimu huo. Machipukizi ya kwanza baada ya mkato mkubwa huwa marefu, manene, yenye miiba mikubwa na yasiyo na ua hata moja, yote nguvu. Yakatwe ncha, yalazwe kama nilivyoeleza, ndipo matawi yanayofuata yatachanua. Masika yakiwa mazuri, ndani ya mwaka mmoja unakuwa na uzio mpya wa kimo cha mtu.

Kazi ni ya siku moja kubwa, watu wawili au watatu, na kirikuu cha kubeba taka. Usizidharau taka hizo. Mwiba wa bogenvilia hauozi haraka. Tawi likikauka unakuwa mkali zaidi. Tanga ni mji wa baiskeli, na matawi yaliyotupwa kando ya njia yatatoboa magurudumu ya watoto wa shule na wauza samaki kwa majuma. Fagia njia mara mbili.

Hatari yake kubwa ni kwamba shina dhaifu linaweza lisichipue. Mmea ulionyong'onyea kwa ukame, uliooza kitakoni kwa maji ya bomba linalovuja, au wenye majani ya njano yenye mishipa ya kijani kwa sababu ya udongo wa chokaa, hauna akiba ya kuanzia upya. Kuna namna ya kupima bila kuuhatarisha wote: mwezi Oktoba kata shina moja tu hadi kisiki. Likitoa machipukizi yenye nguvu wakati wa vuli, mengine yafuate Februari. Likikaa kimya, umeambiwa.

Jingine ni miche iliyobebeshwa, ile yenye rangi mbili au tatu katika shina moja. Tafuta vifundo vilivyovimba kwenye mashina ya chini. Hapo ndipo rangi zilipoungwa. Ukikata chini ya kifundo, kitakachochipua ni rangi ya shina mama peke yake, na zile nyingine zimekwenda moja kwa moja.

Baada ya kukata, mwagilia kidogo tu. Mmea usio na majani hauna pa kupeleka maji, na mizizi yake hukerwa na udongo ulioloa muda wote. Mbolea isubiri mpaka machipukizi yafike urefu wa kidole, tena iwe samadi iliyooza, kiasi. Mbolea nyingi ya chumvichumvi hutoa majani ya kupendeza na kuyanyima maua. Zungushia kitu kuzuia mbuzi, kwa maana mbuzi wanaozurura mtaani hawajali miiba midogo, na chipukizi laini la bogenvilia kwao ni karamu.

Inamfaa mwenye ukuta wa tofali nyuma ya bogenvilia, kwani hapotezi sitara. Inamfaa anayetaka kupaka ukuta rangi au kuukarabati, aliyerithi au kununua nyumba yenye msitu ambao hauna tena pa kushika, na asiyeweza kulipa fundi mara tatu.

Na kung'oa?

Kuna bogenvilia ambayo haistahili kusumbuliwa kwa mojawapo ya njia hizo. Iliyo chini kabisa ya waya za umeme, iliyopandwa karibu na shimo la majitaka, au ambayo ukigonga shina lake linatoa mlio wa utupu. Hiyo ing'olewe. Kabla ya hapo chukua vipandikizi: vipande vya unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kutoka kwenye tawi lililokomaa nusu. Vipande hivyo vikishika katika kivuli chepesi, rangi ya bibi yako haijapotea, nawe utaipanda mahali panapofaa.

Wengine wakishang'oa hukimbilia mimea isiyo na miiba. Mwashoki unakaa vizuri penye nafasi nyembamba, ila nao ukikatwa kichwa hutoa vichwa vingi. Minyaa ni rahisi kupata na haihitaji maji, lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari kubwa. Penye watoto wadogo siipendekezi.

Panga, msumeno na mengineyo

Njia yoyote utakayochagua, shina nene likatwe kwa msumeno. Panga ni zana nzuri kwa matawi membamba ya kutupa, lakini kwenye shina linalobaki hulipasua kwa urefu, maji yanaingia kwenye ufa, na ukiona kisiki kimeoza katikati mwaka unaofuata jua ni panga. Mkasi wa mkono kwa matawi ya unene wa kidole, msumeno kwa yaliyozidi hapo, na tupa ya kunolea. Mkato uwe na mteremko kidogo ili mvua isituame. Ukitoka kwenye mmea uliooza kwenda mwingine, futa zana kwa spiriti au maji yenye jiki.

Usipake oili chafu wala rangi kwenye jeraha. Alex Shigo, mtafiti wa miti aliyefanya kazi katika Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua miti mingi kwa msumeno wa mota kuangalia ndani majeraha yalivyokuwa, na akaonyesha kwamba mti hauponi kwa kupakwa: hujenga kuta zake wenyewe kuzunguka sehemu iliyoumia. Mkato safi mahali sahihi unatosha.

Kabla ya mkato wa kwanza, gonga matawi kwa fimbo ndefu na usubiri. Nyoka hupenda kitako cha uzio mzee, na manyigu hujenga ndani bila kuonekana kwa nje. Ukikuta majani yaliyoshonwa pamoja, hao ni sisimizi waitwao maji moto. Wanauma sana, lakini ni marafiki wa mwenye minazi kwa sababu huwafukuza wadudu wanaonyonya vidaka. Ikiwa una minazi karibu, ondoa tawi lao taratibu na uliegemeze huko. Na kama kuna kiota cha tetere au shomoro chenye mayai au makinda, acha upande huo mpaka wamalize. Wiki chache za kusubiri hazibadilishi kitu kwenye uzio, na kwa ndege ni kizazi kizima.

Vaa glovu za ngozi, shati la mikono mirefu, viatu vilivyofunika mguu na miwani. Mwiba ukiingia ndani, osha kwa sabuni, na kama hujapata sindano ya pepopunda kwa muda mrefu nenda kituo cha afya. Matawi yakishafika kwenye waya za umeme, kazi si yako wala ya fundi wako tena. Piga simu Tanesco, usubiri waje.

Kwa hali yako

Ukiwa umepanga, au una shughuli nyumbani ndani ya miezi miwili, punguza kwa nje na usiende mbali. Hata ukifahamu kwamba ndani kumekauka, huu si wakati wake.

Ukiwa Ngamiani au Makorora, bogenvilia ndiyo ukuta wako na jiko liko uani, nenda kwa awamu. Kama mfukoni hamtoshi ziara tatu, fanya mbili: nusu Februari, nusu Septemba. Utaona uwazi zaidi kidogo, lakini si wa kukuumbua.

Ukiwa na ukuta imara nyuma yake na kwaruzo la ukucha limeonyesha kijani kwenye mashina yote, shusha hadi kisiki kabla ya masika. Kama kijani kimeonekana kwenye mashina machache tu, yaache hayo na uyaondoe makavu kwanza. Utajikuta kwenye njia ya pili bila kuipanga.

Ukiwa na mmea chini ya kivuli kizito, amua kwanza kuhusu mti unaotoa kivuli. Mwembe ukipunguzwa matawi ya chini, bogenvilia itapata jua na njia zote tatu zitafunguka. Mwembe usipoguswa, hakuna ukataji utakaoleta maua pale, na heri vipandikizi vyake vihamie upande wa nyumba wenye jua.

Na ukiwa hauko Tanga, nyumba ni ya wazazi na mtunzaji ni ndugu anayefika mara mojamoja, usimwachie kazi ya awamu tatu zenye vitambaa. Mwombe akwaruze mashina na akutumie picha za kitako cha mmea, kisha mkubaliane siku moja ya Februari ambayo wewe mwenyewe utakuwepo.